Kabla ya Kuuza Magnum

Muuza bunduki za kuwinda, pale karibu na soko kuu la Kisangani, hakuulizi jina wala cheo. Anakubonyeza bega kwa kidole gumba kama mama anayechagua papai, apime kama litastahimili teke la bunduki, kisha anauliza kwa sauti ya padri anayeungamisha: "Unataka kupiga nyama gani?" Ukijibu simba, anacheka mpaka miwani inamshuka puani, maana katika msitu wetu simba hakuna.

Juzi aliingia Papa Arsène, mkurugenzi wa ofisi fulani, mwenye buti mpya na tumbo lililomtangulia mlangoni. Alikuja na Gédéon, mwindaji wa Banalia aliyekodiwa amwongoze porini. "Nataka magnum, ile ya nguvu kupita zote," mkurugenzi akasema. "Naenda kupiga nyati." Muuzaji akambonyeza bega, akaguna, akampa bunduki tupu alenge kalenda ya ukutani. Mkurugenzi alipogusa kifyatulio, muuzaji akapiga meza kofi: pa! Mkurugenzi akaruka, akafumba macho, na mtutu ukageuka ukamwelekea Gédéon kifuani. Muuzaji akauinamisha taratibu kwa vidole viwili.

"Papa, ulifunga macho, na risasi haiko ndani. Nyati yeye hafungake."

"Bon, nitanunua kwingine!" mkurugenzi akafoka, akatoka huku buti zikilia. Gédéon hakumfuata. Aliushika mkono wa muuzaji kwa mikono yake yote miwili, akachelewa sana kuuachia.