Kiambi Hakutafuna

Kaka yangu Kiambi hajawahi kutafuna miraa. Naanza na hilo kwa sababu kijiji kizima, huku kwetu karibu na mji wa Maua, kinaamini vinginevyo, na nimechoka kunyamaza.

Baba yetu, Muthamia, ni mzee wa kanisa na mkulima wa miraa. Miti aliachiwa na babu yake. Kila asubuhi alichuma na kuuza, na ole wake mtoto wake ambaye angetia kijiti mdomoni. Kutafuna kulikuwa kwa watoto wa wenzake. Miti hiyo ndiyo iliyompeleka Kiambi chuo kikuu huko Embu, na baba hakuwahi kuomba mezani bila kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwaka wa pili Kiambi akaacha kulala. Halafu akaacha kwenda darasani, akaacha kuoga, akawa analia bila kujua analilia nini. Aliniambia mimi, Kiende, kwa simu, kwamba akifa haoni kitakachopungua. Nikamsihi aende ofisi ya ushauri pale chuoni. Akaenda.

Mapokezini alikaa bwana mmoja aitwaye Njoka, ambaye hakuinua hata macho.

"Unatumia nini?"

"Situmii kitu. Silali tu."

"Unatoka wapi?"

"Maua."

Njoka akacheka. "Mtu wa Maua na hutumii kitu? Sikiza, semista hii mradi wa ushauri ni wa watu wa madawa ya kulevya pekee. Hao wengine wangoje ijayo."

Semista ijayo ilikuwa mbali mno kwa mtu wa hali yake. Kiambi akatoka nje, akasimama kidogo, akarudi. "Nilikuwa naona aibu," akasema. "Natafuna miraa." Akapewa kiti papo hapo. Ndivyo tulivyo: ukiwa mgonjwa unafukuzwa, ukiwa mlevi unawekewa na chai.

Mshauri aliitwa Ednah, na sina neno baya juu yake isipokuwa moja. Alimsikiliza. Kila Jumanne Kiambi alizungumza, na polepole usingizi ukarudi, naye akarudi darasani. Lakini mradi ule ulitaka mzazi ajulishwe, na Kiambi hakuthubutu kukataa asije akatolewa. Ednah akampigia baba simu, akamwambia mwanawe anatafuna miraa. Hilo ndilo neno langu.

Baba aliweka simu mezani. Alichukua panga akaingia shambani. Kwetu mtu hakati mti wa miraa wa babu yake. Heri auze ng'ombe wote. Yeye alikata. Nikampigia Kiambi, naye akaja siku ile ile, akamkuta baba bado shambani, shati limelowa jasho.

"Baba, wacha," alisema. "Sijawahi kutafuna. Nilidanganya ndio nisikizwe."

Panga likasimama. Nusu ya miti ilikuwa chini.

"Sasa uko mgonjwa ya nini?"

"Kichwa. Nilikuwa nataka kufa."

Baba alitazama barabarani, ambako majirani walikuwa wameanza kusimama. Mwana aliyeharibiwa na miraa huombewa kanisani na watu wakamhurumia baba yake. Mwana mgonjwa wa akili, watu huuliza ukoo wake una nini. Niliona anavyopima, nikamchukia kabla hajajibu.

"Afadhali ungekuwa unatafuna," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaipaza ili wa barabarani wasikie: "Miraa imeniharibia mtoto."

Akaendelea kukata. Miti iliyobaki haikuwa na kosa, naye sasa alijua hivyo, lakini angeacha katikati angeulizwa sababu. Kwa hiyo alikata yote.

Kiambi alitazama mpaka mti wa mwisho ulipoanguka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira. Aliniomba nimsindikize stejini apande matatu.

"Karo itatoka wapi?" nilimuuliza njiani.

"Sijui."

"Na Ednah?"

"Kesho ni Jumanne," alisema. "Namwambia ukweli. Akinifukuza, nakaa hapo mlangoni mpaka wachoke kuniona."