Jumwa Iliyoangukia Mei Mosi

Kwa miaka kumi na mmoja nimefua mashuka ya sikukuu za watu wengine. Krismasi nimefua. Ijumaa Kuu nimefua, na Idi zote mbili, ndogo na kubwa. Hoteli yetu hapa Malindi hujaa siku hizo. Familia hushuka kutoka bara na watoto wao, na kila mtoto akitoka baharini hujifuta kwa taulo tatu. Mimi niko chumba cha dhobi, nyuma ya jiko, ambako mgeni hafiki. Sikukuu naijua kwa uzito wa matandiko yake.

Utaratibu wa hotelini ulikuwa rahisi na kila mtu aliuona wa haki. Wakristo, ambao ndio wengi, watu wa bara waliokuja kutafuta riziki, hupumzika Krismasi na Pasaka, na Waislamu huwashikia zamu. Idi ikifika, Waislamu hupumzika na Wakristo hushika. Katikati yao nilikuwapo mimi, Mgiriama wa Marafa. Kwenye fomu ya kuajiriwa, pale palipoandikwa "Dini", niliacha wazi. Wala sikusahau. Kwetu tuna Mungu, tuna wahenga, tuna miiko na siku zetu, ila nafasi ya kuandika yote hayo ilikuwa na urefu wa kidole. Basi ikawa kila sikukuu mimi napatikana.

Siku yetu ni moja kwa mwaka, na haimo kwenye kalenda ya ukutani. Juma letu la asili lina siku nne, na ya nne huitwa jumwa: siku ya kupumzika, siku ambayo jembe haligusi ardhi. Jumwa ya kwanza baada ya mahindi ya masika kutoa majani mawili ndiyo siku ya familia yetu. Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita hawe, aliirithi kwa mama yake. Enzi za mama yake, serikali ya Waingereza iliwaamuru watu wetu wa kaskazini ya Mto Sabaki wahamie ng'ambo ya kusini, na nyumba zikatiwa moto ili wasiwe na pa kurudi. Yeye, msichana asiye na mtoto bado, alivuka mto akarudi na mahindi ya mbegu kiunoni, akayapanda penye majivu ya nyumba yao. Mahindi yalipotoa majani mawili akajua haondoki tena. Jumwa iliyofuata akawasha moto kwenye mafiga yale yale ya zamani, akapika.

Mimi nilizaliwa siku hiyo hiyo, miaka mingi baadaye. Mama alipokwenda kuniandikisha, karani alimwuliza tarehe. Mama akamwambia nilizaliwa jumwa, siku isiyolimwa, mahindi yakiwa na majani mawili. Karani akakuna kichwa, akasema siku isiyofanywa kazi mwanzoni mwa masika ni Mei Mosi, akaandika. Ndiyo iliyo kwenye kitambulisho changu hadi leo. Kwa hiyo mimi, ambaye sijapata kuruhusiwa kupumzika Mei Mosi hata moja tangu niajiriwe, kwa mujibu wa serikali nimezaliwa Siku ya Wafanyakazi. Nimelicheka sana jambo hili, na siku nyingine limeniliza.

Hawe ana miaka tisini na kitu. Ni mkali, mpenda ugoro na soda ya chungwa. Palipokuwa na kijiji cha mama yake sasa ni vichaka na vishamba vya watu, na yeye peke yake ndiye anayejua mafiga yalipo. Zamani alikwenda na mama yangu. Mama akafa, akabaki yeye. Miaka minne mfululizo alinitumia salamu nije nionyeshwe, na miaka minne nikajibu, "Mwakani, hawe." Mwaka wa tano alinipigia mwenyewe kwa simu ya jirani. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa linafuata.

"Mwaka huu bado naona vivuli," akasema. "Mwakani nitakuonyesha kwa kubahatisha, na wewe utawaonyesha wanao uongo."

Nikaona haya. Nikamwomba tu anihesabie siku yenyewe itaangukia lini. Jumwa ya mwaka ule ilikuwa inaangukia Jumatatu. Mei Mosi ilikuwa Jumapili, na kwa kuwa Jumapili tayari ni mapumziko, serikali ikaisogeza Jumatatu. Ramadhani nayo ilikuwa inakatika, na Idi ingekuwa Jumatatu au Jumanne, kutegemea nani anafuata mwezi wa wapi. Sikukuu zote zilikuwa zimekalia kiti kimoja, na hoteli imejaa hadi chumba cha mwisho.

Ratiba ya zamu ilibandikwa Alhamisi. Waislamu walikuwa wamepewa Jumatatu na Jumanne zote mbili, mwezi usije ukaleta fitina. Mimi nilikuwa nimeandikwa Jumatatu asubuhi mpaka jioni, na Jumanne vilevile. Nikaenda kwa msimamizi wetu, mwanamke wa bara, mlokole, mtu asiye na ubaya wa makusudi.

"Bosi, naomba Jumatatu."

"Mama, Jumatatu ni Idi."

"Najua."

"Na wewe si Mwislamu. Kanisa pia hauna. Sasa hiyo siku unataka kuifanyia nini?"

Nikamweleza jumwa, mafiga na macho ya hawe. Alisikiliza, haki yake nimpe. Kisha akasema, "Niletee mahali serikali imeandika hiyo jumwa, nitakupatia."

"Mei Mosi imeandikwa. Nipe hiyo."

"Watu wa hoteli hatuna Mei Mosi. Wewe si mgeni hapa."

Nikatoa kitambulisho nikakiweka mezani. "Basi nipe siku yangu ya kuzaliwa."

Akakitazama, akacheka. "Hayo ni mambo ya watoto, mama. Ama tukukatie keki?"

Hapo damu ikanipanda. Nilimwambia, "Wenzangu umewapa siku mbili kwa sababu mwezi unabishaniwa. Jumwa yangu haibishaniwi na mtu. Inakuja kila siku ya nne tangu kabla hoteli hii haijachimbiwa msingi." Akaacha kucheka. Akanikumbusha, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mvua zinaingia na wageni wanaisha, na kwamba orodha ya watakaokaa nyumbani mpaka wageni warudi bado hajaiandika. Nilimwelewa vizuri sana.

Mpiga pasi mwenzangu, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini, ni jirani yangu kule Muyeye. Mimi hufua, yeye hunyoosha, na siri zetu zote tumeambiana juu ya meza ya pasi. Aliponiona nimevimba akaanza utani.

"Silimu basi, shoga. Idi utakula biriani kwangu, na bosi hatakuwa na la kusema."

"Nikisilimu nitasilimu kwa Mungu. Sisilimu kwa ratiba."

"Hapo umesema kweli," akajibu, akaweka pasi chini. "Basi nikushikie Jumatatu. Mimi nangoja mwezi wa hapa, huenda siku hiyo bado nafunga."

Nilikataa. Na kama mwezi ungeonekana? Kunyang'anywa siku nakujua, na sikutaka siku yangu ipatikane kwa mlango huo. Jumapili, nilipokuwa natoka zamu, nilisimama mbele ya ratiba, nikachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi pale ukutani. Penye jina langu, chini ya Jumatatu, nikaandika SIKUKUU kwa herufi kubwa, nikatia mstari chini yake.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, nilikuwa Marafa. Magari ya wageni wa mapumziko yalikuwa yameshaanza kupita kwenda kulitazama lile bonde letu jekundu. Hawe alikuwa amekaa mlangoni na sufuria, unga, chupa ya maji, na soda yake ndani ya mfuko.

"Umechelewa," akasema.

"Ni saa tatu, hawe."

"Umechelewa miaka minne."

Nikabeba mfuko, yeye akanishika bega, tukatoka. Alinielekeza kwa maneno: fuata mteremko, acha shamba la fulani kushoto, sasa tafuta mkwaju. Nikatafuta. Mkwaju haukuwapo. Tulizunguka, tukarudi, tukazunguka tena, na mara ya pili nikaliona shina, limekatwa karibu na ardhi, na weusi wa tanuri la makaa kando yake. Nilipomwambia, hawe aliketi chini palepale. Alimtukana mchoma makaa huyo, yeye na makaa yake, na hata sufuria zitakazopikwa kwa makaa hayo. Kisha akalipapasa lile shina kwa viganja. Nilidhani tumeshachelewa, na ni mimi niliyetuchelewesha.

"Kaa kwenye shina," akasema hatimaye. "Tazama bonde. Sasa shuka hatua kumi na tano, za mwanamke aliyebeba maji, usitanue miguu."

Nikashuka. Katikati ya majani palikuwa na jiwe moja limetokeza kama kisigino. Upande mmoja lilikuwa jekundu kama ardhi, upande mwingine jeusi. Nikapiga kelele. Nikarudi kumchukua hawe, nikamleta, akaliinamia mpaka pua ikaligusa.

"Mawili yamezama," akasema. "Chimba."

"Leo jumwa, hawe."

"Nimesema jembe mimi? Una mikono."

Nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikaniuma. Yote matatu yalikuwapo, yamekaa vilevile alivyoyaweka mtu fulani kabla ya moto wa serikali. Nikawasha kuni, tukateleka maji ya ugali. Hawe akafungua soda, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akanywa iliyobaki. Mara simu yangu ikalia, ni msimamizi.

"Uko wapi, mama?"

"Niko sikukuu."

Akakata. Barua nilipewa Jumanne: miezi mitatu nyumbani bila kazi, na onyo. Nilitakiwa pia kuandika maelezo na kuomba radhi. Maelezo niliandika kurasa mbili, mbele na nyuma. Radhi sikuandika, na sitaandika. Nayataja hapa kusudi niyamalize, kwa sababu hayastahili kuwa mwisho wa habari hii.

Hawe alikuwa ameyasikia mazungumzo. Akaniuliza ni nani huyo, nikamwambia ni mkubwa wangu wa kazini.

"Kwani hukupewa ruhusa?"

"Sikupewa, hawe."

Nilitazamia anikemee. Kazi hiyo ndiyo inayomnunulia hata ugoro, na anajua. Akageuza uso kufuata joto la moto, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu wenye udongo, akauweka juu ya jiwe lililokuwa linaanza kupata moto.

"Vyema," akasema. "Mama yangu naye hakupewa."