Maandishi ya Penseli Pembeni mwa Majarida

Mwanangu, bado naiona asubuhi ile ya Jumapili nilipofika Kiseke na majarida manne kwapani, nikijiona nimefanya jambo la maana.

Nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha mapema, ila kusoma sikuacha. Pale Igoma niliyaokoa majarida ya zamani ya biashara kwa wauza karanga, kabla hawajayachana wafungie. Habari za pamba, picha za mameneja wenye suti, matangazo ya cherehani na baiskeli: vyote vilinivuta, maana vilitoka kwenye dunia ambayo sikuwahi kuikanyaga. Na niliyataka safi. Jarida lenye doa lilininyima raha.

Yale manne yalikuwa ya Mzee Fidelis wa pale Kiseke, Mhaya aliyestaafu ukarani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mkewe alikuwa ameshafariki. Aliniazima nisome tu. Pembeni mwa kurasa palikuwa na maandishi ya penseli. Niliyasoma juujuu, nikacheka, kisha nikachukua ufutio na kuyafuta yote, taratibu, nisichane karatasi. Siku mbili nzima. Nilitaka kumfurahisha. Jumapili ile nikamrudishia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umemaliza? Wewe kijana unamaliza karatasi kama mchwa!"

Akafungua la kwanza. Akageuza kurasa, akarudi nyuma, akasogea mlangoni penye mwanga.

"Maandishi yako wapi?"

"Nimeyafuta, mzee. Sasa yako safi kabisa."

Hakunigombeza. Alipitisha kidole pembeni mwa ukurasa, polepole, akitafuta mahali penseli ilipokandamiza.

"Marehemu mke wangu, Mama Koku, alikuwa anayasoma baada yangu," alisema. "Hakuwa msemaji. Mambo yake aliniandikia humu." Akanisogezea kigoda. "Kaa hapo. Niambie uliyoyasoma."

Mwanangu, nilikumbuka mawili tu. Kwenye tangazo la cherehani: "Mvua zikiisha, usinidanganye tena." Kwenye picha ya mwenyekiti mmoja: "Tumbo hili ni la shemeji yako kabisa." Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanipa penseli niyaandike palepale yalipokuwa. Nikaandika. Akayatazama kwa muda mrefu.

"Maneno ni yake," akasema. "Mwandiko ni wako."

Kesho yake nilipanda basi la Musoma, eti kutafuta majarida mengine. Ukweli ni kwamba nilikimbia aibu. Miaka ilipita kabla sijarudi Kiseke, na nilikuta nyumba ina watu wengine. Mzee alikuwa amezikwa kwao Bukoba.

Leo chumba changu hapa Mkolani kimejaa majarida. Ningeyatoa yote nipate yale manne, kabla mkono wangu haujayagusa. Yule mama sikuwahi kumwona, lakini natamani kumsikia hadi leo. Kila nikipata jarida naanza kutazama pembeni, labda kuna mtu.

Basi nisikilize. Ukipewa kitu cha zamani, usiwe na haraka ya kukisafisha. Uliza kwanza hilo doa ni la nani. Na anayejua akiwa bado hai, kaa naye, msikilize mpaka achoke yeye, si wewe.

Mungu akujalie mtu wa kukuandikia pembeni, mwanangu, na akupe utulivu wa kumsoma akiwa bado yupo.