Ramani Yangu Imemfukuza Shangazi Yangu

Admin, posti hii ila jina langu na la chuo ubaki nayo mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mhadhiri wa chuo kikuu, nasubiri kupandishwa kuwa profesa. Kwetu ni mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya, kijiji kimoja jirani na Saza, kwenye machimbo ya dhahabu. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza ulimi mnivumilie.

Kazi yangu ni takwimu. Nachukua hesabu, kompyuta, mambo ya afya na ya udongo, navichanganya mpaka vijibu swali moja. Chuoni nimesumbuliwa sana. Watu wa hesabu wanasema mimi ni wa afya, watu wa afya wanasema mimi ni fundi kompyuta. Mzee mmoja wa idara aliwahi kuniambia mbele za watu, "Binti, fani yako wewe ni kudandia fani za wenzako." Nikameza, nikasema ngoja, kazi itasema.

Kazi nikaipeleka nyumbani. Watoto kijijini kwetu walikuwa wanatetemeka mikono, mimba zinaharibika ovyo, na hakuna anayejua kwa nini. Nikapita nyumba kwa nyumba na wanafunzi wangu, kila nyumba yenye mgonjwa nikaiwekea doa jekundu kwenye ramani. Madoa yakasongamana kwenye kisima kilicho mlangoni kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Tukapima maji, tukakuta zebaki. Na zebaki haishuki na mvua, jamani. Juu ya kile kisima kaka yangu mkubwa ana karasha la kusagia mawe na sehemu ya kuchenjulia dhahabu kwa zebaki, na uchafu wake wote unateremkia pale.

Sasa mimi na heshima zangu za kijinga nikaona siwezi kumwaibisha mkubwa wangu mkutanoni bila kumweleza kwanza. Nikamwonyesha ramani, nikamweleza zebaki ni nini, nikamwachia. Aliiangalia muda mrefu. Kusoma ramani anajua vizuri sana, alifundisha jiografia kabla ya kuingia kwenye dhahabu. Akaniambia, "Nimekuelewa, mdogo wangu. Niachie mimi, watu nitawaita mwenyewe." Nikamshukuru kabisa, nikarudi chuoni.

Na watu aliwaita kweli. Akaibandika ramani yangu ukutani pale kwenye karasha, akawaambia, "Mdogo wangu profesa kaleta kompyuta. Tazameni wenyewe, madoa yamezunguka nyumba ya nani?" Basi. Zebaki hakuitaja. Wakaitwa lambalamba, wale wanaozunguka vijijini kutoa wachawi, wakamchanja shangazi chale mbele ya wajukuu zake, wakambomolea nyumba. Mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua! Kiwanjani kwake leo kaka kamwaga marudio, yale mabaki ya mchanga wa dhahabu. Na maji ya kile kisima watu bado wanakunywa, kwa sababu mchawi si ameshaondoka?

Niliposikia nikamfuata kaka. Nilimkuta ameshiba, anachokonoa meno. Akaniambia, "Mimi nimedanganya nini? Madoa si ya kwako?" Halafu akacheka. Huyu ndiye tuliyekuwa tunalala naye mkeka mmoja! Nikakimbilia kwa mama, nikijua mama ataumia. Mama akasema, "Wifi yangu kashazeeka, aende akapumzike. Karasha likifungwa tutakula hiyo ramani yako?" Chakula alichoniwekea nilishindwa kukigusa, maana nilijua kimetoka wapi. Tangu siku hiyo nikisikia sauti yake kwenye simu mwili unanisisimka kwa kinyaa, na ni mama yangu mzazi.

Chuoni sasa ndiyo kwanza wananipongeza. Yule mzee wa idara ananiita profesa kabla hata ya barua. Wiki ijayo natakiwa kusimama mbele ya wageni na ramani ileile, nipigiwe makofi.

Shangazi nimempangia chumba Tunduma, karibu na wanapoegesha malori ya Zambia. Juzi nilimpelekea unga na dawa. Akanipokea vizuri, akaniuliza mwanangu anaendeleaje shuleni. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, kaka yako namjua tangu mdogo, simshangai. Ila wewe hujawahi kunidanganya. Hebu niambie ukweli, ile mashine yako ilinitaja?"

Nikamwambia, "Hapana shangazi, ilitaja maji. Ni uchafu wa kaka."

Akanitazama, akasema, "Kumbe ulijua. Sasa mbona unaniambia mimi hapa chumbani? Mimi sijawahi kujiita mchawi. Kawaambie wao."

Ndugu zangu, nikisimama kijijini niseme, kaka atafungwa, karasha litafungwa, na mama ameshaapa kwamba siku hiyo sitamzika wala yeye hatanizika. Nikinyamaza, shangazi atakufa na jina la mchawi, na watoto watazidi kunywa ile sumu. Wale wa kuniambia niombe Mungu, asanteni, naomba. Nauliza wale mliowahi kusimama dhidi ya damu yenu: mlianzaje? Mlimwambia nini mama? Nijibuni kabla sijapigiwa makofi.