Nyayo Chini ya Upenu

Nilipokuwa mtoto kwetu Mosocho, kabla baba hajaezeka mabati, nyanya yangu, tuliyemwita Magokoro, alifagia mahali ambapo wengine hawakufagia: ule mstari wa udongo unaoizunguka nyumba, pale matone ya mvua yanapoangukia kutoka kwenye nyasi za paa. Aliulainisha kila jioni. Alisema omorogi, yaani mchawi, haanzi kwa kuingia ndani. Husimama hapo na kusikiliza, na akilipata jina la mtoto mchanga, mtoto huyo hafiki mavuno.

Wakati huo mama alikuwa amejifungua. Mdogo wangu tulimwita Mgeni tu.

Asubuhi moja nilikuwa wa kwanza kutoka. Nikaona nyayo mbili zimeelekea ukutani, upande wa kitanda cha mama. Katika unyayo wa kushoto, kidole cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenzake. Mguu huo tuliujua sote. Ulikuwa wa Kwamboka, mke wa baba mdogo, aliyekuwa amezika watoto wawili.

Shangazi alitokea nyuma yangu. "Si nilisema? Amemaliza wake, sasa anakuja kwa wetu. Ngoja kaka aamke!"

Nilijua kingefuata nini. Ng'ambo ya mto mwanamke mmoja alikuwa amefukuzwa na nyumba yake kuchomwa, kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Magokoro akatoka na ufagio. Akainama, akatazama kwa muda, kisha akafagia.

"Mama! Unafuta nini?" Shangazi akamaka.

"Nafagia kwangu. Nyayo za kuku."

"Kuku ana vidole vitano?"

"Wangu wanavyo. Nenda ukateke maji."

Jioni alimwita Kwamboka, akamketisha karibu na moto, akamwekea mtoto mapajani. "Ukitaka kumsikia akipumua, msikilizie hapa."

Kwamboka alimwinamia mtoto mpaka shavu likagusa kichwa chake. Mimi sikuondoa macho kwenye mikono yake.

Miaka mingi baadaye, chuoni Nairobi, nilikutana na neno la Kiingereza eavesdropper, mtu anayedukiza maneno ya wengine. Nililitafuta katika kamusi kubwa ya maktaba. Kumbe eavesdrop ya kale ilikuwa ardhi ileile, pale maji ya upenu yanapodondokea, na aliyesimama hapo usiku kusikiliza alishtakiwa. Wazungu nao, basi, walikuwa na mstari wao. Nilisoma maelezo yote mara mbili. Yalimtaja anayetafuta maneno ya kwenda kuyatangaza. Hayakumtaja anayetaka tu kusikia mtoto akipumua.

Mgeni yuko sekondari sasa. Hadi leo sijui kama Magokoro alimwamini Kwamboka, au alikata shauri kwamba mtu unayemhofia ni heri akae ndani, penye mwanga wa moto. Nikimuuliza mama, husema hakuna nyayo zozote alizowahi kuona.

Chumba changu cha chuo hakina upenu. Hata hivyo, hatua zikisimama nje ya mlango, mimi hunyamaza kwanza na kuzuia pumzi. Kisha hujilazimisha kuinuka, nikafungua.