Ubao wa Bi Maryamu Katika Barabara ya Houston

Kazi yangu ni kuendesha lori linalobeba vitu visivyotakiwa kutikiswa: vinanda, mashine za hospitali, na mara chache picha za makumbusho. Naishi Mesquite na mke wangu na watoto. Mwenzangu wa safari ni Mrundi wa Fort Worth, Mkatoliki hasa, asiyepanda gari bila kuitundika rozari yake juu ya kioo kwanza. Mimi ni Muislamu wa Mombasa. Tumezoeana.

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, tulitumwa Houston kuchukua sanduku moja tu. Pamoja na sanduku tulikabidhiwa mwanamke, Mwitaliano wa makamo, mwembamba, mwenye nywele fupi za mvi. Kazi yake ilikuwa kulisindikiza sanduku lile mpaka jumba la makumbusho la Fort Worth bila kuliacha hata mara moja. Alikaa kiti cha nyuma yetu, macho kwenye kijimashine kilichomwonyesha joto na unyevu wa kule kwenye mzigo.

"Mama, mle ndani mna nini?" mwenzangu alimuuliza tulipouacha mji.

"Bikira Maria na mtoto. Amechorwa juu ya ubao, yapata miaka mia tano iliyopita."

Mwenzangu akapiga ishara ya msalaba. Yule mama akachangamka. Alituambia kwamba zama zile wachoraji wa kwao walikuwa wanajifunza upya kumchora binadamu mwenye uzito na damu, wakichungulia hata maiti ili wajue mkono umeungwaje. Buluu ya joho la Maria ilisagwa kutoka jiwe lililotoka milima ya mashariki, likapita kwa ngamia na majahazi, mkono hadi mkono. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kutibu picha za namna hiyo, na hii aliisafisha kwa miaka miwili.

"Hakuna mahali usoni pake ambapo sijapagusa," alisema.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kinanda kikivunjika, kitatengenezwa kingine. Nikajikuta nakwepa kila kijishimo.

Tulipofika kama nusu ya njia, upepo mkali ukaanza kulisukuma lori ubavuni. Mbele yetu mbingu zikawa nyeusi, kisha zikageuka kijani, rangi ya maji ya dimbwi. Simu zetu zote tatu zikalia kwa mkupuo ule mlio wa tahadhari. Kimbunga kimeshagusa ardhi, kinakuja kukata barabara yetu. Mke wangu akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Baba, toka barabarani sasa hivi. Watoto wanaangalia televisheni hapa, wanalia."

Nikashika njia ya kwanza ya kutokea barabara kuu, nikaingia kituo cha mafuta. Mawe ya barafu yalianza kupiga bati kabla sijazima injini, ya ukubwa wa ndimu. Mhudumu wa kituo alikuwa mlangoni akitupungia mikono yote miwili, akipiga kelele tuingie kwenye chumba cha baridi cha vinywaji, maana ndicho chenye kuta nzito.

"Twendeni!" nikasema.

Yule mama alikuwa ameshashuka, lakini alikimbilia nyuma ya lori. Alifungua mlango mdogo wa ubavuni, akaingia akakaa sakafuni, mgongo wake kwenye sanduku.

"Mama, toka!"

"Siruhusiwi kuliacha. Nyinyi nendeni."

Mwenzangu akasimama katikati ya mvua, damu inamtiririka kwenye sikio alipopigwa na jiwe. "Ndugu yangu, siwezi kumuacha Bikira hapa peke yake."

"Bi Maryamu hayumo humo!" nilimfokea. "Humo mna ubao! Nenda ndani!"

Akaenda, akigeukageuka. Nami nilitaka kumfuata. Kusema kweli, miguu yangu ilishaanza kwenda. Ila nilimwona yule mama amejikunja, meno yanamgongana, na nikajua nikimwacha nitamwona vile maisha yangu yote. Nisingeweza kumvuta, mwanamke asiye mke wala maharimu wangu, na hata ningeweza asingekubali. Basi nikakaa kwenye kidaraja cha kupandia lorini, pale mlangoni, nikajifunika kichwa kwa mikono.

"Unafanya nini?"

"Nakungoja."

"Una watoto!"

"Ninao. Na naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini siondoki bila wewe."

Lori likainuka upande mmoja, likarudi chini. Akanitukana kwa Kiitaliano. Sikujua maneno, ila hasira niliielewa. "Usinibebeshe hilo!" akapiga kelele kwa Kiingereza, akaruka chini, tukakimbia.

Katika chumba kile taa zilizimika mara tu mlango ulipofungwa. Tulikuwa watu wapatao kumi, tumebanana na makreti ya soda. Sauti ya nje ilikuja kama mawe yanayosagana, ikawa inatoka kila upande, masikio yakaziba. Mwenzangu alikuwa akisali rozari kwa Kiswahili, na gizani nikamsikia yule mama akiitikia kwa Kiitaliano, wanapokezana. Mimi nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa, nikazichanganya, nikaanza upya. Mtoto wa mtu alishika suruali yangu. Sikumjua, nikamshika kichwa.

Kisha kimya.

Tulipotoka, paa la pampu halikuwepo. Lori lilikuwa limesimama, ubavu umebonyea, na mashine ya kupoza hewa imepondwapondwa. Yule mama alilipapasa sanduku pande zote. Halikuwa hata na mkwaruzo, lakini hilo halikumtuliza. Ubao wa kale, alisema, hupasuka kimyakimya. Na asingeweza kulifungua mpaka lifike na lizoee hewa ya kule. Njia nzima iliyobaki alitusomea unyevu unavyopanda, nami nikaendesha bila kuthubutu kukohoa.

Siku ya kufunguliwa alituita sote wawili. Mwenzangu alipiga magoti palepale, mlinzi akabaki hajui afanye nini. Mimi nilitazama uso. Sikuwa nimetarajia: msichana mdogo, amemshika mtoto wake kwa nguvu kupita kiasi, kama anayesikia kitu kinakuja.

Kwenye pindo la joho la buluu rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kidogo, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Yule mama alikiona upesi, akavuta pumzi, akachukua brashi nyembamba.

"Nishikie taa," aliniambia.

Mwanga ukawa unacheza ukutani kwa jinsi mkono wangu ulivyotetemeka. Nilisema niitiwe mtu mwingine.

"Hapana," alisema, akaiweka brashi chini. "Tutangoja mpaka utulie."

Tukangoja. Ilichukua muda mrefu.