Kipande cha Msuli Kutoka Kiringye

Mama wa Kiringye, kijiji cha bonde la mto Ruzizi, alijivunia miguu ya mwanawe. "Docta, angalia hii miguu, iko kama ya muchezaji wa mupira," aliniambia siku ya kwanza, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba unene ule ndio ugonjwa wenyewe. Misuli ya mtoto ilikuwa inakufa na mafuta yanajaza nafasi yake. Alikuwa na miaka minane, na ili asimame ilibidi ajishike magoti, kisha mapaja, kama mtu anayejipanda mwenyewe.

Nilikuwa daktari kijana katika hospitali moja ya mji wa Uvira, na nilitaka sana kujulikana. Profesa mmoja wa Ulaya aliniomba vipande vya misuli ya watoto wa namna hiyo. Nikampiga mtoto sindano ya ganzi pajani, nikakata kipande kisichozidi punje ya haragwe. Mama, aliyekuwa amemshika kichwa, aliuliza: "Hii nyama, mutairudisha siku gani?"

Kwao, kinachotoka mwilini mwa mtoto hakitupwi ovyo. Kitovu chake alikizika nyuma ya nyumba, meno ya utotoni pia, na kipande hiki kilipaswa kwenda hukohuko. Gari la kukipeleka Bujumbura lilikuwa linasubiri na barafu ya kukihifadhi ilikuwa inayeyuka. Nikasema itarudi. Nilisema kwa wepesi tu, kama mtu anavyojibu salamu.

Makala yetu ya utafiti ilitoka. Jina langu lilikuwa la nne, na nililitembeza Uvira nzima, nikiwaonyesha hata watu wasiojua Kiingereza, mpaka kurasa zikachakaa. Mtoto wa Kiringye aliitwa humo "mgonjwa wa tatu".

Kisha vita vikafika, na bonde lote likakimbia. Mama alimbeba mtoto mgongoni, na mkononi alikuwa na binti mdogo. Miguu ile aliyoisifu ilimlemea. Akamlaza mwanawe katikati ya mihogo, akamfunika majani, akamvusha binti mto Ruzizi, akarudi mbio. Shamba lilikuwa limechomwa. Alitafuta siku mbili bila kuona hata mfupa.

Alikuja kunitafuta hospitalini miezi mingi baadaye. Amekonda, kitenge kimoja mwilini. Hakulia. Alikaa kwenye benchi mbele ya mlango wangu, akangoja wagonjwa wote waishe.

"Docta, sina kitu ya kuzika," alisema. "Ile nyama ndiyo mutoto sasa. Unirudishie."

Nilimwandikia profesa. Jibu lilichukua muda mrefu kuvuka mpaka. Alisema anasikitika sana; kipande kilikatwa vipande vyembamba vya kuangalia kwenye darubini, kikaisha chote. Chini yake alinipongeza: makala yetu ilikuwa imerejelewa na watafiti wengi kuliko kazi yake nyingine yoyote. Nilisoma pongezi zile mara mbili, na naona aibu kusema kwamba kwa dakika moja nilifurahi.

Sikumwambia mama, naye aliendelea kuja kila siku ya soko. Alikaa kwenye benchi lilelile. Siku moja sikuweza tena kupita mbele yake. Nilikwenda mtaa wa Nyamianda kwa muuza nyama, nikanunua nyama kidogo ya ng'ombe, nikakata kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, nikakitia kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, nikabandika karatasi yenye jina la mtoto. Niliandika kwa herufi nzuri, zilizonyooka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Aliipokea chupa kwa mikono miwili. "Aksanti, Docta. Batu balisema hautarudisha. Miye niliwaambia weye hauna uongo."

Walinialika mazishini, na nilikwenda, maana kutokwenda kungenisaliti. Katekista aliomba, majirani waliorudi waliimba, na mama akaiweka chupa shimoni, nyuma ya nyumba iliyobaki kuta tu. Nikatupa udongo pamoja na wengine.

Makala ile bado inarejelewa. Kila mara profesa ananiandikia kunipa habari, na namjibu asante. Na kila Noeli mama wa Kiringye ananitumia salamu kwa mtu yeyote anayeshuka mjini, pamoja na unga wa mihogo. Salamu ni zilezile kila mwaka: amepalilia kaburi, na mtoto amelala vizuri.